Kisamvu si chakula cha shida

Kinachonikera ni mtu unayemkaribisha mezani, anafunua hotipoti, akiona kisamvu anauliza, "Leo hamna mboga?" Mboga si ndiyo hiyo! Majani machanga yamechumwa uani asubuhi, yakatwangwa kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu, yakachemshwa muda mrefu mpaka ile sumu ya muhogo ikaisha, ndipo likaingia tui zito na kunde mbichi za shambani. Ni kazi ya nusu siku hiyo. Nyama ya buchani ingeiva mapema zaidi.

Na hayo maneno wanayasema mbele ya watoto! Mwanangu anaanza kuamini kwamba matembele na majani ya maboga ni vya watu wasio na hela. Halafu Januari ada zikibana, hao hao wanakuja kuomba fungu la mchicha. Nawapa, mboga hainyimwi mtu. Ila masika haya bustani imejaa, wanangu wanashiba bila mimi kukopa dukani, na sitaki mtu awafundishe kuona aibu. Mgeni wangu ale kilichopo au aseme mapema hana njaa.