Hereni ya kasa ndani ya kopo la ami

Ami yangu ana kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Mna ndoana, risasi za nyavu, funguo za milango iliyokwisha kubomolewa, na kibati kidogo cha madini chenye namba, alama ambayo wataalamu humtia kasa ili wamtambue akionekana tena. Yeye hukiita hereni. Alikitoa kwenye pezi la mbele la kasa aliyenasa katika jarife lake upande wa kisiwa cha Kiwayu, zamani hizo, akamwachia kasa akaenda zake na hereni akaitia mfukoni.

"Ningeiacha, kesho wangekuja kuniuliza mimi," aliniambia. "Kasa hana ulimi, mwanangu. Mimi ninao."

Nilicheka wakati ule. Siku hizi sicheki, maana nimejua kwamba siku ile ami aliongeza kasa katika bahari ya Lamu bila yai kuanguliwa. Nitaeleza, ila itabidi nipitie kwa paka.

Likizo iliyopita mpwa wangu alishika kwamba lazima tujue paka wa Lamu ni wangapi. Kuwahesabu mmoja mmoja ni kazi ya wazimu, kwani anayeingia kichochoro hiki hutokea kingine. Basi jioni moja tukapita soko la samaki karibu na ngome, tukawapiga picha paka 40. Siku ya pili, saa ile ile, tukapata 36, na tulipolinganisha picha tukaona 12 kati yao ni wale wa jana. Thuluthi. Sasa kama wa jana ni thuluthi ya wale tuliokutana nao leo, basi huenda wale 40 nao ni thuluthi ya paka wote. Mara tatu, 120. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, ya mtoto wa darasa la sita.

Mdenmark mmoja, Petersen, aliitumia njia hii kwa samaki bapa waliotiwa alama, katika miaka ya 1890. Mwaka 1930 Mmarekani mmoja, mtaalamu wa ndege aitwaye Lincoln, akaitumia kwa bata. Bata walivishwa pete miguuni wakaachiwa, na waliozirudisha pete walikuwa wawindaji. Hapo pa wawindaji nitaparudia.

Nilipotangaza 120 barazani, nilichekwa. "Na wangu wa juu ya paa umemtia?" Sikumtia. Paka wa sokoni ni majasiri, hao hao huja kila jioni kugombea matumbo ya samaki. Wa jikoni mtaa wa Mkomani hajawahi kuliona soko. Hesabu hii hutaka kila mnyama awe na bahati sawa ya kuonekana, na paka hawajui sharti hilo. Wakirudi wale wale wazoefu, wenye alama huonekana wengi kuliko haki na jumla hushuka. Kwa hiyo 120 yangu ilikuwa ya paka wa soko tu, tena kwa kukisia.

Kosa la pili ndilo lililonirudisha kwenye kopo la ami. Simu ya mpwa wangu hupiga picha kama imefunikwa utando. Tuseme paka wanne wa jana tungeshindwa kuwatambua, tukawaita wageni. Wale 12 wangekuwa 8, na jumla ingeruka kutoka 120 hadi 180. Paka 60 wamezaliwa na simu mbovu!

Kasa asiye na hereni yake ni paka asiyetambulika. Akipanda tena ufukweni kutaga, anaandikwa mgeni, na karatasi inasema kasa wapo tele. Wataalamu wanalijua tatizo la alama kudondoka, ndiyo maana wengi hutia mbili, pezi la kulia na la kushoto, ili wakadirie ni ngapi hupotea. Lakini kule ni kudondoka kwa bahati ya chumvi na miamba. Ami hakudondosha kitu. Mvuvi mwenye hofu atazitoa zote mbili.

Na kasa ni mgumu wa kuhesabu hata bila hofu ya mtu. Anayepanda ufukweni ni jike, dume hubaki majini. Jike naye hatagi kila mwaka. Hupumzika miaka miwili, mitatu, pengine zaidi. Huko majini, jicho la pili la hesabu, lile la kumwona tena mwenye alama, kwa sehemu kubwa ni nyavu za wavuvi.

Ndiyo maana naona vibaya mvuvi anapofanywa mshukiwa tu. Sheria ya kumlinda kasa naiunga mkono. Lakini Lincoln asingekuwa na hesabu ya bata kama kila mwindaji angeogopa kurudisha pete. Watamu, karibu na Malindi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mvuvi aliyenasa kasa hupiga simu, watu huja, kasa hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini. Mvuvi yule yumo ndani ya hesabu. Huku kwetu nimekaa kwenye mikutano tukaonyeshwa idadi ya kasa ukutani, na aliyeuliza ni hereni ngapi zilizorudi akaambiwa maswali baadaye, chakula kinapoa.

Juzi nilimwomba ami hereni ile, nikaiwashia tochi. Upande wa nyuma ina anwani ya kuirudishia. Hakuwahi kujua, maandishi ni ya Kizungu, tena madogo kama mayai ya chawa.

"Wao wanajua yule kasa alitokea wapi?" akauliza.

"Wakiiona namba, huenda."

Akanyamaza kidogo. Nilidhani atanipa.

"Na wakiuliza mbona nimekaa nayo miaka yote hii?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Akairudisha koponi, kopo likarudi chini ya kitanda.