Walihamia wapi wale watu?

Juzi usiku nimeitazama tena Koyaanisqatsi, filamu ya Godfrey Reggio ya mwaka 1982. Jina hilo ni neno la Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, maana yake maisha yaliyopoteza mizani. Humo hakuna msimulizi wala mazungumzo. Ni picha na muziki wa Philip Glass, karibu saa moja na nusu.

Mara ya kwanza niliiona nyumbani kwetu Magomeni, kwenye DVD ya kuazima. Nilitekwa na kasi: magari ya Los Angeles usiku yamekuwa mito ya taa, watu wanamiminika kwenye ngazi za umeme kama siafu. Nikatamani Dar nayo iwe hivyo.

Safari hii nilikaa na mpwa wangu wa miaka 12. Tukafika kwenye Pruitt-Igoe, yale maghorofa ya makazi ya St. Louis yaliyoanza kubomolewa mwaka 1972. Kamera inapita juu ya madirisha yaliyovunjika, baruti inalipuka, vumbi linatanda. Akaniuliza, "Mjomba, waliokuwa wanakaa humo walihamia wapi?"

Filamu haisemi. Naipenda sana, lakini hapo inaniudhi, kwa sababu inatutazama mno kutoka angani. Sisi tuliokulia Dar, jirani na bonde la Jangwani, tunajua maji huanza na mlango wa nani. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita mabondeni kwa watu, unaingia baharini kwenye daraja la Salenda. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, kuna waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na magodoro yao yangali yamelowa. Wengine walibaki, miaka ikapita, wakaamka wamechorewa X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alirudi kwenye kifusi mara mbili kuokota bati zake. Ukiwa angani humwoni yule mama.

Ndiyo maana siku hizi nasubiri zile sehemu za polepole: rubani amesimama mbele ya ndege yake ya kivita, wahudumu wa kasino wamepangana mbele ya taa, wote wanaikazia macho kamera mpaka unaona haya kuwatazama. Pale Reggio ameshuka chini kwa watu. Laiti angeshuka na St. Louis.

Mpwa wangu aliomba turudishe nyuma. Tukaisimamisha picha mara tatu, akisogea karibu na kioo, anatafuta mtu dirishani. Hakuona hata mmoja.