Siku 180, kamera ya barabarani na ukaazi wa kudumu Uingereza

Wauguzi na wahudumu wa wazee kutoka kwetu walioko Uingereza kwa viza ya kazi huogopa sana faini ya mwendo kasi, lakini siku walizokaa nje ya nchi hawazihesabu. Kwa maoni yangu wamegeuza mambo. Faini iliyolipwa na kutajwa mara nyingi hupita, ila siku zikizidi, maombi ya ukaazi wa kudumu hukwama hata kama mwombaji hajawahi kuvunja hata kioo cha jirani.

Kanuni kwa mwenye viza ya kazi ni kwamba asiwe nje zaidi ya siku 180 katika kipindi chochote cha miezi 12. Neno lenye sumu hapo ni “chochote”. Wengi hupiga hesabu kuanzia Januari hadi Desemba. Chukua mtu aliyeondoka tarehe 20 Novemba 2022 na kurudi 20 Februari 2023. Siku ya kuondoka na ya kurudi hazihesabiwi, kwa hiyo alikuwa nje siku 91. Akasafiri tena tarehe 1 Julai 2023, akarudi 10 Oktoba: siku 100. Kwa kalenda ya ukutani, mwaka 2022 ana siku 41 na 2023 ana 150, hivyo analala usingizi. Lakini ofisa wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, anaanza kuhesabu 21 Novemba 2022, anasogea miezi 12 mbele na kupata 191.

Siku zinazosahaulika zaidi ni zile za mwanzo. Viza imetoka, ila mtu bado yuko Nairobi au Mwanza akitafuta nauli na kuaga wazee. Akitaka muda huo uingie katika miaka yake ya kusubiri, basi unahesabiwa pia kama kuwa nje. Safari uliyotumwa na mwajiri nayo kwa kawaida inahesabiwa.

Msamaha upo, lakini ni mwembamba: ugonjwa wa kutishia maisha wa mwombaji, ugonjwa wa namna hiyo au kifo cha ndugu wa karibu, vita, majanga ya asili, mlipuko wa maradhi. Ukisema tu “nilikuwa na msiba” hujasema kitu. Peleka cheti cha kifo, barua ya hospitali yenye tarehe, na barua ya mwajiri inayoonyesha ruhusa uliyopewa. Tarehe hizo zioane na safari. Mzazi akizikwa Machi, ofisa atauliza kwa nini ulirudi Agosti.

Uingereza haigongi muhuri mtu anapoondoka. Kwa hiyo mihuri ya Jomo Kenyatta au Julius Nyerere ndiyo shahidi wako, na pasipoti ya zamani usiitupe. Ikiwa imepotea, unaweza kuiomba Home Office kumbukumbu zako za safari bila malipo.

Kama siku zilizidi mwaka wa kwanza, mara nyingine dawa ni kungoja. Miaka huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ya maombi, kwa hiyo ukichelewa kuomba, safari ile ya mwanzo inadondoka nje ya dirisha. Sharti ni viza iwe hai muda wote huo. (Muda wa kusubiri umekuwa miaka 5, Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuufanya 10. Soma kanuni za siku unayoomba, usitegemee za rafiki aliyepata mwaka juzi.)

Sasa makosa. Kifungo cha miezi 12 au zaidi kinafunga mlango. Adhabu ndogo zaidi ya hapo, ikiwemo faini ya mahakama, humwachia ofisa nafasi ya kupima. Faini ya papo kwa papo ya mwendo kasi, pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, si hatia ya jinai ukiilipa. Usipoilipa, inaenda mahakamani.

Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Umehama nyumba, hukubadilisha anwani kwenye kadi ya gari, barua inaangukia kwa mpangaji mpya. Hakimu mmoja anaamua kesi kwa karatasi tu, wewe huna habari. Kupanda treni bila tiketi na kutazama runinga bila leseni vinaweza kuishia mahakamani hivyo hivyo. Ukigundua, una siku 21 tangu ulipojua kuapa mbele ya hakimu kwamba hukuwa na taarifa ya kesi, ianze upya. Kabla ya kujaza fomu, omba rekodi yako ya polisi kupitia ACRO, ofisi ya kumbukumbu za jinai, ni bure.

Mtego wa mwisho ni ushauri wa mtaani kwamba “hiyo ya zamani imeshafutika”. Kwa mwajiri inaweza kuwa imefutika. Katika maamuzi ya uhamiaji haifutiki. Ukiificha, ofisa haangalii tena faini ya pauni 200, anaangalia udanganyifu, na ada yako ya maombi, iliyokuwa pauni 3,029 Aprili 2025, hairudi. Andika kosa, mahakama, tarehe ya hukumu, kiasi na siku uliyolipa, kisha ambatisha risiti.