Fundi, Pima Kwanza Ndipo Uniuzie Spea

Dada yangu ametoa zaidi ya shilingi elfu thelathini kwa gari ambalo shida yake ilikuwa tairi moja. Naandika nikiwa bado na hasira, wala sitaki kungoja hadi zipoe.

Gari lenyewe ni mtumba wa Japani, la aina mnayoiona kila pembe ya Malindi. Mjini halina neno. Likishika barabara ya Kilifi, mshale ukigusa 85, usukani unaanza kutetemeka mikononi. Kwenye 95 ni balaa, hata simu iliyo kwenye kishikio inacheza. Ukizidisha kidogo, linapungua. Akalipeleka gereji. Wakabalansi magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake kwa mashine, mashine ikasoma sifuri, akaambiwa matairi hayana tatizo. Baada ya hapo ikawa ni kununua tu: kwanza shokapu za mbele, halafu tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu), halafu bushi za chini (mipira ya kwenye viungo). Kila akienda kulichukua anaambiwa, "Mwalimu, sasa limepona." Limepona kwa kipimo gani, wakati walilijaribu kwa kuzunguka mtaa kwa mwendo wa thelathini?

Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Mteja amekwambia gari linatetemeka kwenye 90. Kutoka mjini hadi Gede ni kama kilomita kumi na tano. Katika muda wote huo hakuna fundi hata mmoja aliyeketi na dada yangu ndani ya gari wakaenda hadi Gede na kurudi, akasikia kwa mwili wake kile anachoambiwa. Walibadilisha vifaa vya gari ambalo ugonjwa wake hawajauona.

Na ugonjwa huu una maswali yake, yanajulikana na mafundi wote wazuri. Unatetemeka usukani au kiti? Ukiwa usukani, shida iko magurudumu ya mbele; vikiwa kiti na sakafu, iko nyuma. Linatetemeka ukikanyaga breki tu? Tazama diski. Linatetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia? Hapo utashuku sivi jointi za ndani, viungo vya ekseli, au propela shafti kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Linatetemeka hata limesimama ukipandisha resi? Basi ni injini au mauntingi zake, magurudumu yaache. Maswali haya yanakula dakika chache na lita moja au mbili za petroli.

Sasa nije kwenye ile sifuri ya mashine, kwa maana ndiyo iliyompoteza fundi na kumfilisi dada yangu. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu mita mbili, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Gramu 30 tu za uzito uliozidi upande mmoja wa rimu, ambazo mkononi huzihisi, kwa mwendo huo zinavuta kwa nguvu inayokaribia ya mzigo wa kilo nne na nusu, huku na huku, mara 14 kwa sekunde. Na nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 50 hadi 100 inakuwa mara nne. Ndiyo maana mjini gari ni tulivu. Mashine ya balansi kazi yake ni kutafuta hizo gramu, na fundi anabandika vipande vya risasi hadi isome sifuri. Inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini inalizungusha gurudumu hewani, bila uzito wa gari juu yake. Tairi lililoachana matabaka ya ndani, au rimu iliyopinda, vyote vinaweza kubalansiwa hadi sifuri. Umbo linabaki bovu vile vile, na gurudumu lenye umbo bovu likigusa lami litaruka tu. Sifuri inasema uzito umelingana. Haijasema tairi ni duara.

Jumamosi tulitoka, mimi na yeye, tukalipeleka gari lenyewe barabarani. Tulipofika kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke likaanza, usukani peke yake, breki hazihusiki, mafuta hayahusiki. Tukarudi nyumbani, nikachukua jeki na spana ya gurudumu, nikahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tukatoka tena. Usukani ukatulia kabisa, tetemeko likahamia kwenye kiti. Kufikia hapo shokapu, tairodi na bushi zote zilikuwa zimeshaachiwa huru, na hatujanunua hata nati.

Kupata gurudumu lenyewe kulikuwa rahisi zaidi. Nililiinua la nyuma kushoto, nikaweka bisibisi juu ya tofali, ncha yake karibu na uso wa tairi bila kugusa, nikazungusha kwa mkono taratibu. Nafasi ikabaki ile ile sehemu kubwa ya mzunguko. Kisha mpira ukaja juu, ukakwaruza ncha ya bisibisi kwa upana wa kiganja, ukashuka tena. Nikamwita aone. Akapitisha mkono pale, akausikia uvimbe, akanyamaza. Kila wiki hupita njia hiyo na watoto wake wawili nyuma. Tairi lenye uvimbe wa namna hiyo linaweza kupasuka wakati wowote, na hupenda kupasuka kwenye joto na mwendo mkubwa. Waliomwambia gari limepona walimrudisha barabarani akiwa amelibeba tairi hilo.

Ubavuni lilikuwa na tarakimu 1416, yaani liliundwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, na watu hukagua mwaka wa gari kwa makini sana wakinunua. Lakini tairi nalo lina umri wake: inameni mkaangalie na tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa kila tairi, pamoja na la spea.

Sisi watu wa pwani tuna jingine. Chumvi na unyevu vinafanya habu, pale rimu inapofungwa, ishike kutu, na rimu ikikaa juu ya kutu haikai sawa hata ikiwa mpya. Brashi ya waya inatosha. Na usimpe gari dereva wa matatu akujaribie kisha uridhike: tangu kanuni za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, matatu zimefungiwa vidhibiti mwendo visizidi 80, na mguu wake umeshazoea kuishia hapo.

Nikubali moja, ingawa kwa shingo upande. Fundi hatumlipi kwa kufikiri. Tunamlipa akifungua na kufunga kitu, na akisema "nipe mia tano nikalijaribu barabarani" tunaona anatuibia. Kwa hiyo anatafuta riziki yake kwenye spea. Basi tubadilike pande zote. Mimi niko tayari kulipa elfu moja kwa fundi atakayepanda nami hadi Gede na kuniambia shida ni nini, hata kama hatafungua nati. Ila akishachukua pesa ya kupima, apime.

Dada amenunua tairi mbili mpya za nyuma. Lile bovu nililichana ubavu kwa kisu kabla ya kulitupa, kwa sababu kuna jamaa alishapita akauliza tunaliuza kwa bei gani.