Daftari la Kamati, Salamu ya Kamwene na Neno "Dili"

Uliza kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji imefanya nini mwaka huu, na mara nyingi utatajiwa Juni 13, Siku ya Ualbino: fulana, wimbo wa watoto, hotuba ya mgeni rasmi, soda. Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 haikutaka kamati hizi zishuke hadi kijijini na mtaani kwa ajili ya soda. Kwa maoni yangu kamati ipimwe kwa daftari lake, na hasa kwa yale iliyoandika kabla mwenye ualbino, au bibi anayeitwa mchawi, hajaumizwa.

Chukua kijiwe cha bodaboda. Mtoto mwenye ualbino anapita na ndoo ya maji, kijana mmoja anasema, "Dili hilo linapita." Wenzake wanacheka, mtoto anaongeza mwendo. Wazee wataita utani. Lakini neno hilo, la wanaouza viungo vya watu wenye ualbino kwa ushirikina, limeshamtia mtoto bei, na anayelisikia mara kumi hashtuki tena siku mgeni akiuliza mtoto yule anaishi wapi. Daftari nyingi zingeandika "mtoto alitukanwa", basi. Polisi hawana la kufanya na sentensi hiyo. Andika saa, mahali, neno lenyewe kama lilivyotamkwa, nani alilisema, akina nani walikuwepo, mtoto alikuwa anaelekea wapi. Acha nafasi ya mstari mmoja kwa hatua iliyochukuliwa na jina la mjumbe aliyeichukua. Nafasi hiyo ikibaki tupu wiki mbili, kamati imelala.

Kwa bibi mzee dalili ni nyingine, tena ni za kimya. Huku Iringa na Njombe ya kwanza huwa salamu: anasema kamwene, watu wanaangalia pembeni. Kisha wajukuu waliokuwa wakilala kwake wanahamishwa. Jina lake linaanza kusikika kwenye kilabu cha ulanzi, halafu linatajwa msibani. Hapo muda umebaki mchache. Wengine watamwonyesha kwa macho yake mekundu, kana kwamba baridi ya Juni na Julai haimfanyi mtu mzima kukaa mchana kutwa kwenye moshi wa kuni. Mjumbe mwenye akili ataongeza swali moja: shamba la bibi linapakana na nani? Ardhi iliyokuwa ya mahindi tu sasa inatakiwa kwa parachichi na miti ya mbao, na tuhuma ya uchawi ni njia rahisi ya kumhamisha mwenye shamba.

Panapoharibika zaidi ni kwenye suluhu. Sisi tunapenda yaishe nyumbani. Kamati inaita pande mbili, mtuhumiwa anaomba radhi, analeta kuku, wanapeana mikono, na daftari linafungwa. Kwa mvulana wa miaka 12 aliyerudia neno alilolisikia kwa wakubwa, hilo linafaa: aitwe na mzazi wake, mwalimu ajulishwe, iandikwe. Tishio la kuua halina kuku wake. Kumtaja mtu mchawi hadharani nako si ugomvi wa majirani, maana Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inakataza hilo tangu 1928. Ukishapatanisha kosa la jinai, shahidi hatarudia maneno yake kituoni, na aliyetisha amejua gharama yake ni kuku mmoja.

Kwa hiyo mambo kama tishio, kufuatiliwa njiani, mgeni kuulizia nyumba ya mtoto au mtu kuguswa yaende kwa mtendaji na polisi kata siku hiyohiyo. Akidi ni ya ajenda za kikao. Mjumbe mmoja anatosha kupiga simu, na akihusika mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo. Kama kuna jeraha, hospitali kwanza na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ifuatiliwe mapema, kabla kidonda hakijapona na ushahidi kwenda nacho. Tatizo la kawaida hapa ni nauli: kijiji kiko mbali na kituo, na mhanga ndiye anayeambiwa ajitegemee. Halmashauri ya kijiji itenge fungu dogo kwenye bajeti yake, hata la safari chache za bodaboda.

Kuna pia wale waganga wanaojulikana kama lambalamba, wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Hawaingii bila michango, na michango haikusanywi bila viongozi kufumba macho. Kamati ikisikia kaya zinachangishwa, ipeleke taarifa juu ya kijiji, kwa mtendaji wa kata na polisi, kwa sababu huenda mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayeshika fedha.

Hilo linaleta suala la nani anakaa kwenye kamati. Mwenye ualbino mwenyewe awemo, na ajuza mmoja, si wawakilishi wao. Mjumbe aliye ndugu wa mtuhumiwa atoke nje shauri hilo likijadiliwa, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka. Kijijini kila mtu ni shemeji wa mtu, najua, na ndiyo sababu kanuni hiyo iandikwe siku ya kwanza, kabla shemeji hajapatikana.

Ujumuishi wa kila siku hauna gharama kubwa. Mtoto mwenye uoni hafifu akae dawati la mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na mwalimu aandike herufi kubwa. Kofia pana na mikono mirefu viruhusiwe kwenye sare hata siku za baridi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni baridi, lakini jua linaunguza. Watu wazima wasaidiwe kuandika maombi ya ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu.

Na daftari lisikae ofisi ya kijiji juu ya meza, ambako kila anayekuja kugonga muhuri analifunua. Liwe ndani ya kabati lenye kufuli, funguo kwa watu wawili, na taarifa inayosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu itaje idadi ya matukio na hatua, bila jina la aliyelalamika.