Iona: tuchimbe upya au tufungue visanduku vya zamani?

Monasteri ya Iona, kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti, ilianzishwa mwaka 563 mtawa Columba alipovuka bahari kutoka Ireland. Anayeitafiti leo ana njia mbili: achimbe tena, au arudie vilivyochimbuliwa zamani vikasahauliwa.

Njia ya pili imekwisha kuonyesha nguvu yake. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Charles Thomas alichimba kilima cha Tòrr an Aba kisiwani humo, akapata makaa ya kibanda cha fito, akayatunza ndani ya visanduku vya viberiti. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza majibu ya radiokaboni, yaani kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai: kati ya mwaka 540 na 650. Makaa yalikuwa ya heizeli, mti mdogo wa fito nyembamba, na hilo ni muhimu kuliko linavyosikika. Kipimo hiki husoma wakati ubao wa mti ulipokua, si siku ulipoungua. Kiini cha mwaloni mkubwa kingeweza kurudisha tarehe nyuma karne nzima. Fito za heizeli hazina umri huo. Hata hivyo hatuwezi kusema kibanda kilikuwa cha Columba: alikufa mwaka 597, na jibu linavuka mbele hadi 650. Kibanda ni cha zama za mwanzo za monasteri. Kwamba yeye mwenyewe aliketi humo, makaa hayasemi.

Upande wa wachimbaji nao una haki. Miaka ya 1950 haikuwa desturi kuuchekecha udongo majini ili kunasa mbegu na vijiti, na kisichookotwa wakati ule hakimo kwenye viberiti. Vipimo vya umeme ardhini huonyesha vizuri mtaro mkubwa uliozunguka boma, lakini mashimo ya nguzo za mbao mara nyingi huvipita. Tena abasia (monasteri kubwa ya mawe) ya mwaka 1200 hivi na makaburi vilikata tabaka za kale, kwa hiyo kipande cha mkaa huweza kuhama. Sampuli mbili za tabaka moja zikipishana sana, huenda tabaka hilo limevurugwa, lisitumike.

Kwangu, daftari, michoro na lebo za zamani zilinganishwe kwanza. Kisha yafunguliwe upya mahandaki yale yale: kifusi chake kilikwisha kuvurugwa, na kuta zake bado zinaonyesha tabaka kwa mpangilio. Ukuta ukikwanguliwa kidogo tu, sampuli mpya hupatikana ubavuni, na ardhi isiyoguswa hubaki kwa watakaokuja na vipimo bora.