Waja leo, walala barazani: Tanga na watu wasio na pa kulala

Malalamiko ya mkazi wa Ngamiani, eneo la maduka jijini Tanga, ni haya. Kila alfajiri akifungua duka anakuta watu wawili watatu wamelala barazani juu ya maboksi, ukuta umekojolewa, na mfuniko wa chemba umeng'olewa ukauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anataka Jiji lifanye msako na kuwarudisha watu hao makwao. Wako wanaomwambia hana huruma, na hapo wanamkosea: anayesafisha mkojo wa mtu mwingine kila siku kabla ya kuuza kilo ya kwanza ya mchele ana haki ya kusikilizwa. Tatizo liko kwenye dawa anayoiomba.

Msako una mkono wa sheria. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinaingiza ombaomba kwenye makosa ya uzembe na uzururaji, na mgambo wanaweza kusafisha barabara kumi kwa usiku mmoja. Kwa wiki moja mitaa hung'aa. Kisha waliokamatwa hutoka, kwa kuwa hawana cha kulipa faini na mahabusu haina nafasi ya kuwaweka, nao hurudi barazani au huhamia stendi ya Kange. Wakati wa kukamatwa vifurushi vyao hutupwa, na ndani ya vifurushi mna kadi ya kliniki, dawa, pengine na cheti cha kuzaliwa ambacho ndicho karatasi pekee waliyobaki nayo. Mtu anatoka mahabusu akiwa mbali zaidi na chumba cha kupanga kuliko alivyoingia.

Neno "makwao" nalo linahitaji kupimwa. Tanga tunajisifu kwa msemo wa waja leo waondoka leo, lakini mji huu ulijengwa na watu waliokuja wasiondoke. Mkonge uliwaleta manamba, vibarua wa mashambani, kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge. Bei ilipoanguka na mashamba kufifia, wengi walibaki bila kazi na bila kijiji kinachowakumbuka. Mzee wa namna hiyo ukimpakia basi, unampeleka kwa nani? Kwake mlango upo hapahapa jijini, makazi ya wazee ya Mwanzange, na njia yake ni afisa ustawi wa jamii, si gari la mgambo.

Kwa mtoto, kurudishwa nyumbani ndilo jibu la kwanza, ila lina hatua zake. Afisa ustawi anazungumza naye peke yake zaidi ya mara moja, maana jina la kijiji analotaja siku ya kwanza mara nyingi si la kweli. Kisha anawasiliana na mwenzake wa Lushoto, Handeni au Kilindi, ambaye anakwenda kuiona kaya na kujua mtoto alikimbia nini: njaa, kipigo, au baba wa kambo. Ndipo anasindikizwa, na baada ya hapo anafuatiliwa. Ukiruka hatua ya kaya, mtoto anashuka basi la asubuhi na kupanda lori la jioni. Kama nyumbani hapakaliki, wapo walezi wa kuaminika wanaoweza kumpokea kwa muda. Kumpeleka mahabusu ya watoto ni kosa, kwa sababu pale ni mahali pa watoto wenye kesi, na kukosa pa kulala si kesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiwekea halmashauri wajibu wa kumlinda. Anayemwona mtoto analala nje anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bure.

Kundi linalosahaulika zaidi ni la wenye kazi. Chukua kibarua wa kubeba mizigo sokoni Mgandini, kwa hesabu ya mfano: anapata 7,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, jumla 35,000. Chakula, maji ya kuoga na choo cha kulipia ni 4,000 kwa siku, yaani 28,000 kwa siku saba. Zinabaki 7,000. Chumba cha 30,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita na dalali akichukua ya mwezi mmoja, ni 210,000 kabla ya godoro na chandarua. Hizo ni wiki 30 za kuweka akiba bila kuugua hata siku moja. Na aiweke wapi? Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. NIDA inataka barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji haandiki barua kwa mtu asiyelala mtaani kwake. Basi fedha zinakaa mfukoni, na mfuko unachanwa akiwa usingizini. Mzunguko huohuo humtoa kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambayo huandikisha kaya kupitia mkutano wa mtaa. Baraza la duka halihesabiwi kaya.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mmoja wa kati, vyumba pande mbili na choo kimoja uani. Mpangaji mmoja mkorofi huwakimbiza wengine watano. Kumtoa asiyelipa kwa njia ya sheria huchukua muda, ndiyo maana anadai miezi sita mapema. Hapa ndipo Jiji lingefaa kuingia: kumdhamini kibarua aliyethibitishwa na msimamizi wake wa kazi, kulipa miezi miwili ya kwanza moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na mtendaji kumwandikia barua siku anayokabidhiwa ufunguo. Wapo watakaoshindwa kulipa mwezi wa tatu. Bajeti ibebe hasara hiyo tangu mwanzo, la sivyo mpango utafungwa kwa mtu wa kwanza kukimbia.

Kwa mateja, yaani watumiaji wa heroini, njia ni ndefu zaidi, na mkazi wa Ngamiani asidanganywe kwamba ni rahisi. Methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mgonjwa akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unapunguza ustahimilivu, na kumrudishia dozi ileile kunaweza kumuua. Lazima aanzishwe upya kwa kiasi kidogo. Msako unaomweka ndani siku nne unavunja tiba ambayo tayari serikali imeilipia. Mgonjwa wa akili vivyo hivyo: Hospitali ya Lutindi kule Korogwe inaweza kumtuliza, lakini akirudi barazani hakuna wa kumkumbusha tarehe ya sindano.

Lipo pia wazo la Jiji kuwa na nyumba ya kulala ya muda kwa wasio na pa kulala. Wanaolipinga wanasema nyumba hiyo itavuta watu kutoka mikoa mingine. Hofu hiyo ina msingi kama nyumba itakuwa kubwa na bila ukomo wa kukaa. Vitanda 20, ukomo wa siku 30, na afisa ustawi anayefika kila jioni ni jambo jingine. Lakini hata vitanda hivyo visijengwe kwa kubahatisha. Kabla ya masika kuanza Machi, maafisa ustawi, watendaji wa mitaa na walinzi wa maduka wapite Ngamiani, Kange na sokoni kati ya saa tano na saa nane usiku, kwa usiku tatu tofauti, wakiandika umri, kazi, ugonjwa na wilaya ya kila anayelala nje, bila polisi. Na usiku huohuo mwenye duka aambiwe choo cha umma kilicho karibu naye kinafungwa saa ngapi, na nani ana ufunguo.